Ngazi Tatu

Kikosi chetu cha zimamoto hakilipwi.
Hapa Valparaíso ndivyo ilivyo: mwoka mikate,
mwalimu wa hesabu, fundi viatu,
king'ora kikilia kila mtu huacha alichoshika.

Eduvina Catrileo alikuja Jumanne moja,
akasimama – hapana, nasahihisha –
akakisimamisha kiti chake cha magurudumu
chini ya ngazi za mlango wetu.
"Katibu! Natafuta kazi ya redio."

Nikamshukia. Nilijiona muungwana.
Nikamwambia Desemba tuna bahati nasibu,
tiketi hazina wa kuziuza,
na uso wake, nikasema, ungevuta wateja.
Hakukasirika. Aliitazama ngazi ya chini
kama mtu anayesoma tangazo.
"Ziko ngapi hizi?"

Miaka kumi na tisa nazipanda.
Ikanibidi nigeuke nizihesabu.

Mbao za mteremko alizileta Osorio, seremala.
Meza ya redio tuliiinua kwa matofali.
Choo kilikula miezi mitano, na barua,
na fedha za ile bahati nasibu
(tiketi niliziuza mwenyewe).

Sasa mnataka usiku wa moto mkubwa,
jinsi alivyookoa kilima kizima kwa sauti yake.
Usiku huo haukuwapo.
Kulikuwa na sufuria za mafuta, majani makavu,
paka juu ya nguzo,
na yeye redioni, bila haraka:
"Uchochoro huo una ngazi mia na kumi,
gari halipiti. Zungukieni juu."
Mji huu kaupima kwa viganja vyake.

Machi akachelewa zamu, dakika arobaini.
Chumba kikanyamaza. Wote wakanitazama,
wakingoja nimsamehe kabla hajajieleza.
Nikamkaripia kama ninavyomkaripia Osorio.
Naye akanijibu, kwa ukali uleule,
kwamba lifti ya kilimani imeharibika tena,
na kwamba, naam, alipaswa kupiga simu.
Akavuta maikrofoni. Akaanza kazi.
Mgongo wangu ulipogeuka
nilimsikia akicheka, peke yake, kidogo.

Siku hizi wote tunapita kwenye mteremko,
hasa tukiburuta mipira ya maji iliyolowa.
Vijana wapya hawajui kuna nini chini ya mbao.
Mimi najua. Kila nikipita,
miguu yangu huhesabu:
moja,
mbili,
na ile niliyosimama juu yake nikimwangalia.