Safu ya Mashahidi

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mshika mnyororo wa kupimia
kwa shilingi moja kutwa, na kwa kuwa nilijua lugha zote mbili
Koplo Hebblewhite akanipandisha cheo:
sasa nilibeba na wino.

Daftari lilikuwa na safu nne.
Jina. Tahajia. Mashahidi watatu waaminifu. Maelezo.
Waaminifu ni mchungaji, wa kanisani si wa kondoo,
na mwalimu wa shule,
na Bwana Strachan, msimamizi wa ardhi ya tajiri.
Beathag, aliyekamulia ng'ombe milimani humo miaka sitini,
hakuwamo. Hakujua kushika kalamu.

Ila njia alizijua yeye, tukamfuata.
"Lochan na Bà Ruaidhe," alisema bila kugeuka.
Kiziwa cha Ng'ombe Mwekundu. Alizama mwaka wa theluji mbili,
tukamvuta Machi, nyama bado nzima kwa barafu,
mwambie aandike na hilo, mwanangu.
Koplo aliandika: maji, ekari tatu.
"Cnoc an Fhuarain." Koplo akajaribu kutamka.
Ile sauti ya kooni, ya mtu apulizaye kaa lisizimike,
yeye ilimtoka kikohozi.
Beathag akacheka mpaka akaketi juu ya jiwe,
na jiwe lenyewe lilikuwa na jina.

Majina thelathini na moja, kisha mvua.

Bondeni tulikuta kuta za nyumba sita, hazina paa,
magugu yawashayo yameota palipokuwa na meko.
"Tobhta Marsaili," alisema, safari hii polepole.
Gofu la Marsaili. Nilikawia kutafsiri.
Marsaili ni mama yake. Paa lile walilichoma watu wa Strachan
ili kondoo wapate nafasi;
kila mtu alijua, na Strachan kuliko wote.
Koplo aliliandika herufi moja moja, akinitazama mdomo.
"Mali bila daftari," alisema akifuta nibu,
"hupotea bila habari."

Jumamosi tukapeleka daftari kwa waaminifu.
Mchungaji alitia sahihi hata chai haijapoa.
Mwalimu alirekebisha nukta mbili, akatia sahihi.
Strachan alivaa miwani. Kidole chake kilishuka ziwani,
kikapanda kilimani, kikavuka kijito,
kikasimama.
"Hapa hapana jina. Wala hapajapata kuwa nalo."
Wino wa kufutia ulikuwa mwekundu.
Koplo alifuta. Hakunitazama mdomo.

Ramani ilitufikia mwaka wa nne.
Nilimtandazia Beathag magotini, akaipapasa kama kitambaa cha kununua,
akaniambia nimsomee.
Nikasoma ziwa. Nikasoma kilima, na jiwe.
Nikafika bondeni: visanduku sita vya mstari mtupu,
maana kanuni yao, nyumba yenye paa hutiwa rangi,
isiyo na paa huachwa wazi.
"Na hapa?"
"Tobhta Marsaili," nilisoma,
kidole changu juu ya karatasi nyeupe.
Alinyamaza. Akauliza kama wameliandika sawasawa.

Kwa tahajia nzuri sana, nilimwambia.