Diski ya Kupamba

Stima ilikatika saa tatu na robo usiku
nikiwa katikati ya kunakili harusi ya Ruweida.
Kibokoni nzima ilisema "aah!" kwa pamoja,
kama watu waliofungwa bao.
Ikarudi. Ikakatika. Ikarudi tena kwa hasira,
taa ikawaka nyeupe mno, feni ikapiga ukelele,
na ndani ya kile kisanduku kisichozidi pakiti ya tende
nikasikia: tk. tk. tk.
Mtu anagonga mlango
wa nyumba iliyohamwa.

"Ndani mna nini?" aliniuliza Twalib fundi.
Nikamwambia: wanawake.
Wanawake mia mbili na kumi na saba
walioyaacha mabuibui yao mlangoni
kama vivuli vilivyochoka kufuata watu.
Mna shangazi aliyejifunga leso kiunoni
akalicheza vugo hadi goti likamkumbusha umri.
Mna nywele, Twalib. Nywele
ambazo jua lenyewe halijapewa ruhusa.

Kwa hiyo hii si kazi
ya kukuachia hapa nikarudi Jumatano.

Nilikula yamini, mimi.
Simu zote nilizikusanya kwenye beseni la plastiki,
nikabaki na kamera peke yangu,
nikasema, "Kikitoka kitu, kimetoka mkononi mwangu."
Sikujua kitu chaweza kutoka duniani
na mkono bado umefumbwa.

Twalib alikuna ndevu.
Akamwita mkewe, Mwanaisha, ashuke na cherehani yake,
akae nasi, mlango wazi.
Kisha akaigeuza skrini inielekee mimi,
yeye akaelekea ukutani, kibodi mapajani.
"Wewe macho," akasema. "Mimi vidole."

Nikamsomea herufi moja moja, namba moja moja,
kama mtoto wa chuo aanzaye alifu kwa kijiti.
"Mstari wa nne umekataa."
"Umeandika nini?"
"Sijui. Kitu chenye mkia."
Mwanaisha alicheka hadi uzi ukakatika.

Siku tatu.
Bisibisi aliikataa katakata:
"Vumbi la mji huu lina chumvi.
Ukishaifungua, umeshaizika."
Tulichota polepole, kijiko kwa kijiko,
kila nusu saa diski ikipumzishwa mbele ya feni.
Stima ilikatika mara mbili.
Tukaitazama betri ya lori chini ya meza
kama watu wanaomtazama dereva.

Kilichorudi ni hiki:
mlango. Beseni la simu. Goti la shangazi.
Pembe za vugo zikigongana bila sauti.
Dakika arobaini na moja kati ya mia na ishirini.
Na Ruweida anapoingia, ukumbi mzima umesimama,
uso wake umevunjika vipande vya kijani na zambarau,
mkeka ulioanza kufumuka.
Mkono mmoja tu umebaki mzima,
hina hadi kwenye kiwiko.

"Unaona nini?" Twalib aliuliza,
bado yuko na kalenda ya duka la saruji
ambayo kwa siku tatu ameihifadhi yote, sikukuu na Jumapili.
"Mkono."
"Mkono tu?"
"Mkono tu."
Akanyamaza.
"Basi usiniambie ulivyo."

Nilimpigia Ruweida na maneno ya tanzia mdomoni.
Swali lake lilikuwa moja: "Nani ameona?"
Hakuna, nikasema. Wallahi, hakuna.
Nikasikia pumzi ikitoka,
ndefu, ya siku tatu.
"Basi mama atanisimulia," akasema,
"na shangazi ataongeza chumvi."

Twalib alinitoza nusu.
Nusu nyingine, alidai, ya macho.
Mwanaisha akanishonea mfuko mdogo wa kitambaa cha baibui,
diski imo humo, kabatini, kati ya shuka.
Stima ikikatika
huwa naiinukia, naipapasa,
sijui nasikiliza nini.