Folda ya Doreen

Halifax, saa kumi na moja alfajiri, theluji bado haijaamua.
Barua za ruhusa za wagonjwa arobaini na mmoja
zimekwama kwenye foleni.
Printa ya wodi ya sita inakoroma, haitemi kitu.

Nimezima, nimewasha. Nimechomoa karatasi iliyokunjamana
kama leso mfukoni mwa mtoto.
Wapi.
Nikaingia kwenye seva, nikabisha hodi:
“Ruhusa imekataliwa.”
Hodi tena, kwa cheo changu chote:
“Ruhusa imekataliwa.”

Basi nikauliza, folda hii ya nani?
Jina likaja kwa herufi ndogo tupu: dackroyd.
Doreen. Aliyenifundisha kazi hii, mnywaji wa chai kavu,
tuliyemzika Novemba, miavuli ikigombana na upepo.

Mashine haina habari ya matanga.
Inamngoja yeye aitikie karibu.

Amri yenyewe mstari mmoja. Mmiliki mpya: mimi.
Kidole kikasita
(hata kabati la marehemu halifunguliwi na mtu mmoja).
Samahani, mama, nikasema. Nikabonyeza.

Kule wodi ya sita ikaanza kelele.
Ya kwanza kutoka: Bwana Sugden, aende nyumbani,
apunguze chumvi.