Kombe Lisilofunikwa

Saa nane za usiku, Miritini. Twapima gizani
kwani jua hukisingizia chuma:
hukipasha ubavu mmoja, kikaonekana kimekosa.

Mifuko ya mchanga mia mbili na arubaini
tumeitundika mbavuni mwa kombe badala ya upepo,
maana kusi haiagizwi kwa simu.
Winchi ikalia. Kombe likainama
taratibu, kama mtu anayerukuu,
na Mhandisi Zamzam, tochi mdomoni,
akasoma geji: mbili. Mbili u nusu. Tatu.

Akaitoa tochi. "Kupinda si aibu.
Tumelichora lipinde,
ila lipinde lote, libaki kombe.
Hapa, kiungo cha kumi na saba, kinapinda peke yake."

Kumi na saba ni mshono wangu.
Niliuchomelea Alhamisi, Changamwe ikinuka mafuta,
mkono una haraka ya kwenda harusini.

Mkandarasi akakohoa. Milimita tatu, nani ataziona?
Funika kombe, mwanaharamu apite.

Zamzam akatazama juu, kwenye nyota zisizo na haraka.
"Hili," akasema, "kazi yake ni kukaa wazi."

Hakuuliza ni nani.
Nikavaa kinyago, nikapanda.