Tone Linalozama

Nilikuwa nimeshaanza kuwa mwepesi.
Ndivyo ninavyokumbuka: si maumivu, ni wepesi,
kama kanga iliyoanikwa ikasahaulika.
Upande wa pili wa pazia mtoto alilia,
na Sista Dhahabu, simu kaibana kwa bega,
mikono yake miwili tumboni mwangu, alisema:
"Mfuko mmoja. Kundi O. Hata mmoja tu."

Friji ya Marafa ilikuwa na chanjo
na chupa ya maji ya kunywa ya daktari.
Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa.
Sikujua bado shule na damu vinajuana wapi.

Malindi walipata mmoja.
Baya akautia kwenye kisanduku cha barafu,
akakipakata mbele, maana nyuma ya pikipiki yake ni pa makaa,
akavuka daraja la Sabaki, maji ya kahawia yakiramba nguzo,
Mambrui akapita, salamu hakujibu,
akashika njia ya tope jekundu
akafika kapakwa hadi magotini.
Watu walidhani ni yeye aliyeumia.

"Damu ya nani hiyo?"
Mama mkwe, mlangoni, hakutaka kupisha.
Yeye kalelewa na habari za mumiani,
gari lisilo na taa, watoto wakikamuliwa kama mbuzi.
"Ya nani? Ya mlevi? Ya mwenye laana ya kwao?"
Dhahabu hakuinua macho:
"Ina namba, mama. Imepimwa. Haina ukoo."
Kisha, akiutundika mfuko, kama anayejisemea:
"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Na mgeni akaingia bila hodi,
kwa mkono wa kushoto,
baridi kama maji ya kisima kabla ya jogoo.

Nikawa mzito tena. Uzito mtamu ule!
Mgongo ukakijua kitanda,
koo likaijua kiu.

Namba ile nimeikariri. Siisemi.
Baadaye nikaambiwa kwamba nyingi hutoka kwa wanafunzi,
foleni nyuma ya bweni, soda moja na biskuti,
na shule zikifungwa, benki nayo hukauka
kama kijito kisichofika baharini.
Basi huenda ni msichana wa kidato cha tatu,
anayeogopa hesabu, asiyeogopa sindano.
Huenda alifuata soda.
Namshukuru hata kwa hiyo soda.

Mtoto alipoacha ziwa nikapanga foleni yangu,
turubai la kijani, uwanja wa shule, jua la saa nne.
Wakanitoboa kidole, wakadondosha tone
ndani ya gilasi ya maji ya buluu.
Likizama, karibu. Likielea, damu yako haijatosha.
Langu lilielea,
likakaa juu kama mtoto anayeitwa nyumbani na hataki.
"Nenda ukale mchicha."
Nikala mchicha. Nikala mnavu, nikala mtsunga na uchungu wake,
maini, kila nilipoyapata,
na vidonge vyenye ladha ya msumari.
Mara ya pili lilizama nusu, likarudi.

Mara ya tatu mama mkwe alinifuata.
Hakusema kwa nini.
Akakaa kwenye kiti cha watoaji, akakunja mkono wa gauni,
akanyoosha mkono wake uliokauka kama kuni.
Wakamuuliza umri. Akataja njaa moja ya zamani.
"Bibi, umri umekupita."
Alikasirika kama aliyenyimwa sahani arusini:
"Mbona mumiani hawakuwa na masharti!"
Turubai zima likacheka, na yeye hakucheka,
alibaki kakaa pale pale, mkono wazi,
mpaka kijana wa maabara akampa soda.

Zamu yangu ikafika. Kidole. Tone.
Lilisimama kidogo chini ya uso wa maji,
likafikiri,
likaanza kushuka.