Ubao wa Bi Loveday

Basi lilinishusha njia panda, likaondoka tupu.
Novemba. Mvua hainyeshi, imesimama tu hewani
kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa.
Kibao kimeandikwa Polgarrow, herufi mbili zimeliwa na chumvi,
na barabara inashuka, inashuka kati ya kuta za mawe
hadi nikaisikia bahari kabla sijaiona.

Nilihesabu nyumba: arobaini na tatu.
Nilihesabu moshi: saba.
Nyingine zina visanduku vya funguo milangoni, vya tarakimu,
na majina yaliyopakwa rangi ya samawati:
Kiota. Upepo Mwanana. Mwisho wa Safari.
Wenyewe wako London, watakuja Agosti na mbwa wao.
Jory, muuza mikate, alinieleza haya bila kinyongo,
au kinyongo kilishapoa, kama chai aliyoisahau kaunta.
"Binti yangu anafundisha shule ya hapa,
analala maili kumi na nane kutoka hapa. Kodi."
Kisha akanifungia mkate wa kukunja, nyama na viazi ndani,
pindo lake nene kama ukingo wa mkeka,
akanionya: ule mgongo ukiwa ukutani.
Sikumsikiliza.
Shakwe alitokea nyuma ya sikio, hakupiga hodi,
akaondoka na nusu.

Mnara wa waokoaji umepigiwa mbao hadi Pasaka.
Nje kule, vijana watano ndani ya mpira mweusi
wameketi juu ya mbao zao, wakitazama upeo
kama watu kwenye foleni ya benki
ambayo karani wake huja akipenda.
Wimbi linapita, hawalitaki.
La pili, hawalitaki.
La tatu, mmoja anageuka, anapiga kafi kwa viganja,
anasimama,
na kwa sekunde nne, labda tano,
hadaiwi na mtu yeyote.
Kisha anapinduka, wenzake wanacheka,
anarudi mwisho wa foleni.

Bi Loveday Nancarrow ana miaka sabini na minne
na ufunguo wa banda la mashua.
Anakodisha suti za mpira, pauni sita,
ila yeye huingia na kofia ya sufu ya kuogelea isiyofaa kitu
na ubao mwembamba, umepinda puani, usio na rangi.
"Baba alikuwa seremala wa majeneza," akasema.
"Marehemu yule alikuwa mfupi.
Kilichobaki kikawa changu."

Nikamwambia kwetu maji yana majina:
yakivimba sana ni bamvua, yakilegea ni maji mafu.
Akalirudia lile la pili, akilionja.
"Na leo je? Mafu?"
Leo bamvua, Bi.
"Basi vaa."

Baridi haikuja kama baridi, ilikuja kama kelele.
Nilisahau jina langu, nikakumbuka meno yangu yote.
Aliniweka kifudifudi juu ya ubao uliokosa maiti,
akashika kisigino changu, akangoja,
akangoja zaidi, hata nikadhani amenisahau,
akasema sasa.
Sijui niseme nini juu ya hilo wimbi.
Lilinichukua. Sikufanya lolote nikachukuliwa,
hadi mchanga ukanikwangua kidevu
na nikajikuta nacheka peke yangu, uso chini,
mtu mzima, mwenye pua inayovuja bahari.
Alipokea pauni zake sita. Hakunipunguzia.

Usiku nilitoka nje kuhesabu tena, safari hii madirisha.
Nane.
Nikarudia, nikidhani nimekosea,
Jory pale, Bi Loveday pale, padri, yule mwenye trekta…
Nane.
La nane lilikuwa langu.
Tarakimu nne za kisanduku zimo ndani ya simu yangu,
na kesho kuna basi la saa tatu na robo.
Nilisimama kizani na chumvi kwenye nyusi,
taa niliyoiwasha ikinitazama.