Mtoto wa Meza

Lori la macho liliegeshwa Newala, njia ya Shimo la Mungu,
jeupe, refu, ubavu wake mmoja ni chumba
kinachotoka kama mtoto wa meza
ili watu waonwe mtoto wa jicho.
Ukibonyeza swichi, kinatoka.
Ukibonyeza tena, labda.

Hiyo "labda" ndiyo iliyonitoa Masasi.
Kitu kilichokufa nakijua: unakifungua, unakizika, unaweka kipya.
Kizima hakiniiti.
Lakini cha leo ndiyo, kesho siyo,
ni mdeni wa msimu wa korosho:
ukimpigia simu yupo, ukimfuata kwake kasafiri.

Saa tatu nikafika. Hokororo, dereva, akashuka kunilaki,
mwili wa magunia mawili, kicheko cha matatu.
"Tangu alfajiri limegoma, fundi."
Nikabonyeza.
Chumba kikatoka taratibu, kwa adabu,
kama mtoto aliyechemka usiku kucha
akifika zahanati anaomba andazi.

Sista Malibiche akanitazama
kama mtu aliyelipa nauli ya mgeni asiyemjua.

Nikapima hivyo hivyo. Betri, kumi na mbili nukta sita.
Fyuzi nzima; nikaibadilisha, maana fyuzi huweza kudanganya macho.
Rilei ikaitika: ta, ta.
Reli nikazifuta vumbi jekundu, nikapaka grisi.
Kosa sikuliona,
na fundi asiyeona kosa hana cha kuandika kwenye risiti.

Sijamaliza kona za mteremko, simu.
Nikageuza pikipiki. Hokororo akashuka kunilaki.
Chumba kikatoka.

Nikalala hapo. Nikanunua daftari la shule.
Saa moja, ukungu: kinatoka.
Saa mbili, ukungu ule ule: hakitoki.
Saa sita, jua: hakitoki.
Saa sita na robo: kinatoka. Hokororo kaenda kununua mihogo.
(Mihogo niliiandika kwa sababu ya njaa tu.)

Kwenye benchi, Bi Somoe Nang'unde,
toka Jumanne, kitambaa jichoni,
kila asubuhi aliuliza, "Chumba kimeamkaje?"
nami nikamjibu kama ndugu wa mgonjwa:
"Kimeamka. Hatujui kitashindaje."

Usiku, kwa tochi, nikasoma daftari tangu mwanzo
nikakuta mihogo.
Mihogo: kinatoka.
Kaenda kanisani: kinatoka.
Kashuka kunilaki, mara zote nne: kinatoka.
Anasinzia kwenye usukani...

Kulipokucha nikamwambia, "Kaa."
Nikabonyeza. Kimya.
"Inuka."
Chumba kikaanza safari.
"Kaa."
Kikakwama nusu, kama mtu aliyeitwa jina yuko mlangoni.

Chini ya kiti: waya wa erthi, mweusi, mnene kama kidole gumba.
Ngozi yake haina hata mkwaruzo.
Nikaupasua kwa kisu. Ndani, shaba imeoza kijani,
nyuzi saba tu zinashikana mikono,
na zile saba, akikaa, zinaachana;
akiinuka, zinasalimiana.

Nilidhani atacheka. Hakucheka.
"Kumbe siku zote hizi ni mimi."
"Ni waya, Hokororo."
"Waya ulikaliwa na nani?"
Sikuwa na mita ya kupimia hilo.

Nikapitisha waya mpya pembeni, mbali na kiti, mbali na uzito wa mtu yeyote.
Nikakwangua rangi kwenye chesisi mpaka chuma king'ae,
nikakaza bolti, nikamkalisha dereva,
nikabonyeza mara ishirini.
Ishirini zote.

Bi Somoe akapanda ngazi akipapasa reli, akalalamika juu ya grisi.

Risiti: waya, mita moja na nusu. Bolti moja. Fyuzi, ambayo haikuhitajika.
Daftari, juu yangu.

Juzi sista alinipigia kwa jambo jingine, taa ya nyuma.
Akasema chumba hakijagoma tena,
ila kila akinyoosha kidole kwenye swichi,
Hokororo anainuka kwanza,
anasimama nje, mikono nyuma,
mpaka kimalize kutoka.